Kona ya Kodi: Java ni ya nani hasa?

(Kodi za kompyuta jamani, siyo za TRA, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza habari za VAT.)

Swali: Shkamoo shangazi. Mi niko Morogoro, nafanya kazi kwenye saccos moja, tuko wafanyakazi kama 60 hivi. Mfumo wetu wa mikopo umeandikwa kwa Java na wanaougusa ni mimi na mwenzangu mmoja tu. Juzi kaja jamaa muuzaji wa leseni kamwambia bosi kwamba Java siku hizi inalipiwa kwa kichwa, hata mlinzi na mama wa chai wanahesabiwa, bosi kapaniki anataka tuandike mfumo upya kwa lugha nyingine. Mi chuoni niliambiwa Java ni huria, ni ya jamii. Nani muongo hapo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hakuna muongo, kila mmoja kasema nusu yake.

Ya kichwa ni kweli. Januari 2023 Oracle, kampuni yenye Java siku hizi, walibadilisha bei ya usajili wa Java SE (Java ya kawaida), wakaanza kuhesabu wafanyakazi wote badala ya wanaotumia, dola 15 kwa mwezi kwa kila mtu kama mko chini ya 1,000, na "mfanyakazi" kwao ni hadi wa muda na vibarua. Kwa hiyo mama wa chai yumo kabisa. 60 mara 15 mara miezi 12 ni dola 10,800 kwa mwaka, hata mimi ningepaniki.

Ila hapo unalipia Java iliyofungashwa na Oracle. Kodi yenyewe Sun Microsystems, walioitengeneza Java, walianza kuifungua kwa leseni huria ya GPL Novemba 2006, ndo hiyo inaitwa OpenJDK, na Oracle walipoinunua Sun (wakamaliza Januari 2010, dili la dola bilioni 7.4) walikuta mlango ushafunguliwa. Kodi ileile inafungashwa na wengine na unapewa bure hata kwa biashara: Eclipse Temurin, Amazon Corretto, Azul Zulu, Microsoft nao wana ya kwao. Kesho ukifika kazini ingia kwenye seva andika java -version, ikijibu "OpenJDK Runtime Environment" mwambie bosi anywe chai yake kwa amani. Ikijibu "Java(TM) SE" basi angalia ni toleo gani, hasa kama ni Java 8 yenye masasisho ya kuanzia Aprili 2019, hapo ndo wengi wananaswa, manake walibofya sasisha bila kusoma leseni imebadilika. Kuhamia Temurin mara nyingi ni kazi ya mchana mmoja na kujaribu jaribu, wala hamna haja ya kuandika upya chochote.

Sasa hilo la "ya jamii" ndo linaniuma mimi. Chukulia uwanja wa mpira wa kijiji, kila mtu ruksa kucheza, ila filimbi ya refa iko mfukoni kwa mwenye timu moja. Kuna chombo kinaitwa JCP tangu 1998, makampuni na watu binafsi wanakaa wanapigia kura Java iende wapi, vizuri sana, lakini kanuni zinasema mabadiliko ya lugha yenyewe hayapiti bila kura ya ndiyo ya Oracle. Bodi ya OpenJDK nayo kwa katiba yake ya 2011 ina watu watano: wawili wanateuliwa na Oracle, mmoja na IBM, wawili waliobaki ndo wanachaguliwa na wanachama. Hesabu mwenyewe.

Apache, taasisi ya programu huria, waliyaona haya mapema. Walitengeneza Java yao, Harmony, wakaomba ule mtihani rasmi wa kuthibitisha kwamba kweli ni Java, Sun wakawapa kwa masharti yanayobana mahali pa kuitumia, mfano kwenye simu, wakakataa. Kinachochekesha, Desemba 2007 Oracle wenyewe ndo walipendekeza kwenye kamati kuu ya JCP kwamba JCP iwe chombo huru kisicho na mwenyewe! Wakati huo mwenye filimbi alikuwa Sun bana. Ilipotua kwao wakaiweka mfukoni, na Desemba 2010 Apache wakajitoa kwenye kamati.

Swali: Anti, kwa nini kwenye mifumo ya seva tunaambiwa majina ya vipande vya kodi yanayoanza na javax tuyaanzishe na jakarta? Nani kakaa akawaza hivyo?

Jibu: Wanasheria, mpenzi. Mwaka 2017 Oracle waliamua kuipeleka Java EE (Java ya mifumo mikubwa ya seva) kwa Eclipse Foundation, taasisi nyingine ya programu huria, kodi wakatoa, jina la Java wakabaki nalo kwa sababu ni alama yao ya biashara. Ndo 2018 ikaitwa Jakarta EE. Kuhusu javax walizungumza weee hawakuelewana, Eclipse wakaruhusiwa kuitumia ilivyo ila siyo kuibadilisha, kwa hiyo Jakarta EE 9 ya 2020 ikahamisha kila kitu. Ndo maana programu ya Tomcat 9 (Tomcat ni seva ya kuendeshea programu za Java) ukiitupia kwenye Tomcat 10 haiamki. Kuna kifaa cha Apache cha kuzibadilisha chenyewe, kitumie, usianze kufuta kwa mkono utalia.

Swali: Na JavaScript nayo ni yao??

Jibu: Jina ndiyo, waliirithi alama hiyo toka kwa Sun. Lugha hapana, kanuni zake ziko kwa shirika la viwango la Ecma International, na ndo sababu kwenye makaratasi rasmi inaitwa ECMAScript, jina kama la dawa ya ngozi. Novemba 2024 kampuni ya Deno iliomba ofisi ya alama za biashara ya Marekani iifute hiyo alama. We endelea kuandika tu.