Fomu niliyoijaza kwa mkupuo: kwa wauguzi wapya wanaosindikiza wagonjwa wa rufaa

Wadogo zangu mnaoripoti kazini katika halmashauri za Mtwara na Lindi, mtapangiwa kusindikiza wagonjwa wa rufaa mapema kuliko mnavyodhani, kwa sababu vituo vyetu vingi havina mtaalamu maalumu wa gari la wagonjwa: anayepanda ni muuguzi au tabibu aliye zamu, na mara nyingi ndiye mgeni kuliko wote. Nawaandikia nikiwa mtu aliyewahi kupokea hati ya mashtaka ya nidhamu kwa safari moja ya namna hiyo.

Nilimsindikiza mama mwenye kifafa cha mimba kutoka Newala kuteremka Mtwara mjini kupitia Tandahimba, usiku, wakati lami ilikuwa haijafika. Alikuwa ameshachomwa magnesiamu salfeti, dawa inayozuia degedege lakini ikizidi hulegeza misuli na kuweza kusimamisha pumzi, ndiyo maana mgonjwa huhesabiwa pumzi, huangaliwa mkojo na kugongwa goti mara kwa mara, pamoja na kupimwa presha. Betri ya mashine ya presha ilikwisha kabla hatujafika Tandahimba. Ile ya kusikiliza kwa masikio ilikuwapo, ila ndani ya gari linalorukaruka sikusikia kitu, na sikumwomba dereva asimame. Tulipoziona taa za mjini nikaijaza fomu yote kwa mkupuo: 150/100, 150/100, 140/90, kila baada ya nusu saa. Daktari aliyetupokea alisoma presha inayoshuka. Alipopima mwenyewe akakuta 180/120. Mama na mtoto walipona, lakini hilo halikunifutia shtaka.

Mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi aliisogeza fomu ile upande wangu wa meza, akaniuliza kwa upole: barabara ile ina mashimo, mistari hii imenyookaje hivi? Sikuwa na jibu. Shemeji wa mgonjwa, aliyekaa miguuni pake njia nzima, alikwisha kueleza kwamba baada ya Tandahimba sikumfunga mkono tena, na kitabu cha safari cha dereva hakikuonyesha kwamba tulisimama mahali popote. Betri ingeweza kumwishia yeyote. Nilishtakiwa kwa kuandika vipimo ambavyo havikuwahi kuwapo, na humo ndimo nilimokosa pa kushika.

Basi kipimo kikishindikana, andika kwamba kimeshindikana. «Saa 8:10 usiku, presha haikupimika, betri imekwisha, pumzi 18, anaitika anapoitwa.» Mstari huo unamwambia daktari ukweli wote anaouhitaji, nawe unakulinda kuliko safu nzima ya nambari nzuri. Mwombe dereva asimame dakika mbili, hata akinung'unika. Ukiandika baadaye, weka saa unayoandikia na useme kwamba umeandika baadaye. Ukikosea, pitisha mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, kisha utie saini. Hela ya mafuta kutoka kwa ndugu wa mgonjwa usiiguse kabisa, maana hapo hutaishia kwa mwajiri, utafika TAKUKURU. Picha za mgonjwa kwenye simu yako nazo ni hivyo hivyo: usipige.

Hati ya mashtaka ikikufikia, usiijibu usiku huohuo. Mimi niliandika kurasa tatu za hasira juu ya uchache wa watumishi na ubovu wa vifaa, na karibu yote yalikuwa kweli, lakini mwakilishi wetu wa TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi, alizisoma, akanirudishia, akaniuliza ni wapi nimejibu shtaka la pili. Hakuna mahali. Jibu kila shtaka kwa namba yake, kiri ulilolitenda, kana usilolitenda, na ueleze mazingira baada ya hapo. Usilishike tena jalada la mgonjwa, wala usimpigie ndugu yake kumsihi alegeze maneno. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, na shtaka lililokuwa dogo likazaa jingine kubwa.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba mwajiri na baraza la taaluma ni milango miwili. Halmashauri inashughulikia ajira yako; Baraza la Uuguzi na Ukunga, au Baraza la Madaktari Tanganyika kwa matabibu, linashughulikia leseni yako, na kumalizana na mmoja si kumalizana na mwingine. Mimi nilipunguziwa mshahara, nikabaki miezi mingi nikiusubiri mlango wa pili, na kungoja huko kulinichosha kuliko adhabu yenyewe.

Usiporidhika na uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ina siku 45. Kwa hiyo siku ukikabidhiwa barua, kabla hata ya kuisoma hadi mwisho, andika tarehe ya kuipokea kando ya saini yako, katika nakala yako na katika nakala yao.