Fonti za CD ya zamani: usishike advansi kabla hujaiona ritifaa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza namna ya kutoa fonti kwenye CD ya programu ya kadi ya enzi za Windows 3.1, kama zitakubali kwenye simu, na kama ruksa kuzifanyia biashara. Halafu mwishoni ukachomekea kwamba tayari una oda ya kadi za harusi. Hiyo oda ndiyo imenifanya niandike.

Kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp, anajiita mtaalamu, aliniambia "badili tu .FON iwe .TTF, imeisha hiyo". Bajaji ukiibandika kibao cha Mbagala haiwi daladala. Fungua faili kwa Notepad: ikianza na herufi MZ, umeshika FON, yaani kwa kawaida picha za vidoti za saizi maalumu, ukizikuza zinakuwa ngazi. TrueType, yaani fonti za .TTF zilizochorwa kwa mistari na kukuzika bila kuharibika, iliingia Windows mwaka 1992 na hilo toleo la 3.1, kwa hiyo tafuta kwanza kama CD ina .TTF halisi. Ukikosa, programu ya kutengeneza fonti iitwayo FontForge ni ya bure na inazifungua FON, ila herufi itabidi zichorwe upya kwa mistari. Mimi nilikesha siku tatu, na nikajiona fundi.

Sasa sikia. Kabla ya kuchapa nilijaribu kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha anayemruka mbwa, ile yenye herufi zote A hadi Z, kila mtu anaijua. Ikatoka safi kama maji ya Kilimanjaro. Nikachapa kadi 300, karatasi ya bei, dhahabu pembeni. Jina la ukoo wa bwana harusi linaanza na Ng'.

Sentensi ya mbweha haina ritifaa, ile alama ya juu kwenye Ng', mkuu! Wala haina tarakimu, wala ile /= ya bei. Kila herufi au alama kwenye kompyuta ina namba yake, na fonti yangu ilianzia namba 32 ikaishia 126. Ritifaa ya kibodi ni 39, imo. Lakini programu yangu ya kubuni ilikuwa inaipinda yenyewe iwe ile ya mkunjo, ambayo kwenye Windows ni 146. Haimo. Kwa hiyo kadi 300 zikatoka na kisanduku katikati ya jina la mzee wa watu, kama vile ukoo wao una dirisha.

Baba mtu alikuja dukani mwenyewe. Hakufoka, ndiyo ilinimaliza. Aliweka kadi mezani, akaweka kidole pale kwenye kisanduku, akaniuliza, "Kijana, hapa tunasomaje?" Nilirudisha advansi yote, nikachapa upya kwa hela yangu kwa fonti ya kawaida kabisa, na mtaalamu wa WhatsApp nilipomwandikia akanitumia kikaragosi cha kucheka. Kadi zile hadi leo wanangu wanachorea mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote: andika maneno yaleyale yatakayokuwa kwenye kadi, majina yote, tarehe, namba za simu za kamati, yachape kwenye karatasi moja, uyasome kwa kidole. Karatasi, si skrini, maana skrini inaweza kuazima herufi iliyokosekana kutoka fonti nyingine na wewe usijue.

Huyo bwana harusi wako, ukoo wake unaandikwaje? Andika hapa kabla hujagusa hiyo CD.