Damu inaposema "unyeti", tusiandike "mzio"

Swali: Ninaandaa maelezo ya Kiswahili kwa wazazi kuhusu vipimo vya damu vya watoto. Nimeandika "alama za uvimbe" (kwa Kiingereza "inflammatory markers") na "uhamasishaji wa mzio" ("allergic sensitization"), lakini mhariri amevikataa vyote viwili. Je, ana haki?

Jibu: Ana haki. "Alama" ni jambo dogo, kwani linatosha kubadilishwa kuwa "kiashiria". Ila ukumbuke kwamba kinachopanda au kushuka ni kiwango cha kiashiria hicho. "Uvimbe" una tatizo zaidi, kwa kuwa msomaji huwaza kitu kilichotuna ambacho anaweza kukigusa, au hata saratani, ilhali mtoto mwenye pumu anaweza kuwa na njia za hewa zilizoathirika bila kuvimba popote panapoonekana. Wataalamu wengine hutumia "mchochota", yaani jinsi mwili unavyoitikia jeraha, maambukizi au kitu kinachoudhi, neno ambalo mimi nalipenda, lakini kwa wazazi ni lazima ulifafanue mara ya kwanza. Ukitaja protini ya CRP, ambayo hutengenezwa na ini, andika kwamba kiwango chake kikipanda kinaonyesha kuwa mchochota upo, wala hakisemi uko wapi.

Kosa kubwa liko katika "uhamasishaji". Kuhamasisha ni kuwatia watu ari, na mwili wa mtoto haukuhudhuria mkutano wowote. Linalozungumziwa ni kwamba kinga ya mwili imekwisha kutengeneza kingamwili (protini za kujikinga) za aina ya E, yaani IgE, dhidi ya kitu fulani, kama vile yai au utitiri wa vumbi. Hali hiyo ningeiita "unyeti", na ningeitenga kabisa na "mzio", kwa sababu mtoto anaweza kuwa na kingamwili hizo katika damu na bado akala yai bila kudhurika.

Asili ya maneno inaeleza kwa nini tofauti hii ina uzito kwetu. Daktari wa watoto Clemens von Pirquet wa Vienna alipounda neno lililotupatia "aleji", mwaka 1906, alikusudia mwili uliobadilika katika namna unavyoitikia kitu. Hakutaja katazo lolote. "Mzio", kwa upande wake, lilikuwako kabla ya maabara, likiwa na maana ya kitu ambacho mtu hujiepusha nacho kwa kuwa ni mwiko kwake au humdhuru. Kwa hiyo mzazi akisoma "mtoto ana mzio wa yai", ameshaambiwa amnyime mtoto yai, hata kama aliyeandika alikusudia kutoa habari ya damu tu. Andika hivi: "Damu ya mtoto imeonyesha unyeti kwa yai, ikiwa ana mzio au hana, daktari ataamua kwa kuzingatia pia yanayompata anapolila." Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa jumla ya IgE na kwa eosinofili, zile chembe nyeupe za damu, kwa kuwa hata minyoo huweza kuzipandisha.

Jambo moja ambalo hukuuliza: usitumie "vizio" kwa maana ya visababishi vya mzio katika karatasi ya majibu. Kizio pia ni kipimo, na palipoandikwa kwamba kiwango kimefikia vizio 0.35, mzazi atajiuliza ni vitu gani hivyo ambavyo havikufika hata kimoja.