Kwa mafundi wapya: kinga ya nyuki ya mwanamke haikatwi kwa kipimo cha mwanaume

Wadogo zangu mnaoanza kushona ovaroli za wafuga nyuki hapa Tabora, acheni kupunguza mikono na miguu ya nguo ya kiume mkamuuzia mama. Ikimtosha mabega, itambana kifuani na nyongani. Ikimtosha nyonga, mabega yatamning'inia na mikono itamfunika vidole, ashindwe hata kushika bomba la moshi la kutulizia nyuki.

Panapobana ndipo atakapochomwa. Mwiba wa nyuki una urefu wa milimita 2 hivi. Kitambaa kikikaa mbali na ngozi, haumfikii. Kikilala juu ya ngozi, mwiba hupenya hata kaki nzito. Na nyuki wetu wa misitu ya miombo ya Sikonge na Uyui ni wakali, akichoma mmoja hufuata kundi.

Kwa hiyo usimpime mteja akiwa amesimama wima tu. Mwambie ainame kama anayefunua mzinga, achuchumae, anyanyue mikono juu. Pima mgongo toka shingoni hadi kwenye uvungu wa mapaja amesimama, halafu ameinama: tofauti hiyo ndiyo nafasi ya kuongeza. Kifuani weka mikunjo, na usibane pembeni ili apendeze. Hii ni nguo ya porini.

Ukimaliza, mjaribishe kabla hajaenda kwenye mizinga. Mpe ndoo iliyojaa maji aibebe, apande ngazi, ainame, nawe upitishe kiganja mabegani, kifuani, makalioni na magotini. Kila palipogandana na mwili weka chaki, fumua, ongeza.

Wengi huvaa gauni ndani, wengine ushungi. Waulizeni mapema. Kofia ipite juu ya ushungi bila wavu kugusa pua, na wavu wa mbele uwe mweusi, maana mweupe humulika machoni. Nguo yote iliyobaki iwe rangi nyeupe au hafifu, kwani rangi nyeusi huwachokoza nyuki. Ulizeni pia kuhusu haja ndogo, msione haya. Ovaroli ya kipande kimoja ni mateso porini. Mimi napendelea koti na suruali, koti lishuke vizuri chini ya kiuno na lastiki imara.

Unapomkabidhi, mwambie aifue kila baada ya kurina asali. Harufu ya mwiba, inayofanana na ya ndizi mbivu, hubaki kwenye kitambaa na kuwaita nyuki wengine safari ijayo.