Usiizime Coherence mapema

Umesema uliizima filamu ya Coherence (2013) dakika ya 20 kwa sababu ni watu wanane wanaobishana mezani huku kamera ikitikisika. Nakuelewa, ila hapo mezani ndipo filamu yenyewe ilipo. Mwongozaji wake, James Ward Byrkit, aliirekodi nyumbani kwake kwa usiku tano, na hakuwapa waigizaji mazungumzo yaliyoandikwa. Kila mmoja alipewa dondoo zake tu. Ndiyo maana wanakatizana, na mshangao wao hauigizwi.

Irudie tangu mwanzo, simu yako ukiiweka mbali. Iangalie skrini ya simu ya Em, mhusika mkuu, inavyopasuka akiwa bado garini. Umeme ukikatika, shika rangi ya vijiti vinavyong'aa: hawa wa mezani wamechukua vya buluu. Ukipoteza rangi hiyo hutajua nani katoka nyumba ipi kati ya zile zinazofanana, na wengi huachia hapo. Mfuate Em kuliko fizikia. Uso wake ndio unaobeba swali zima: angepewa maisha mengine, angeyachukua?

Kamera ikikuletea kizunguzungu, washa taa, sogea nyuma. Kichefuchefu kikianza, simamisha upumzike. Na maelezo ya mwisho wake usiyasome kabla hujamaliza, yataiua kabisa.