Muhuri wa wakili si uthibitisho wa leseni: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Barua za wasomaji mwezi huu nyingi zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: leseni ya udereva inapotakiwa ithibitishwe, nani anathibitisha nini?

Naendesha malori ya mizigo ya bandarini kwa miaka 11, leseni yangu ni daraja E. Ndugu yangu yuko Ontario, Kanada, ameniambia nikifika huko nitadaiwa barua ya kuthibitisha leseni na uzoefu wangu. Nilitoa fotokopi, wakili akanigongea muhuri, nikaituma. Nimejibiwa haifai. Kosa liko wapi? (Dereva, Duga)

Wakili hakukosea, ndugu yetu. Ulimpa kazi isiyo yake. Wakili aliye kamishna wa viapo anashika kadi mkono huu na fotokopi mkono ule, anaona zinalingana, anaandika kwamba hii ni nakala halisi ya ile. Kazi yake inaishia hapo. Hajui kama kadi imetoka serikalini, kama imefutwa, wala kama ulianza kuendesha lini. Hata kadi ya kughushi hufanana na fotokopi yake.

Wanachotaka Ontario ni neno la aliyetoa leseni, na kwetu kumbukumbu ziko sehemu mbili. Mamlaka ya Mapato, TRA, ndiyo inayokuchukua picha, saini na alama za vidole na kuchapa kadi. Kwa hiyo namba ya leseni, madaraja na tarehe zipo kwenye daftari lake. Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, ndilo lililokutahini, likakupa cheti cha umahiri, na ndilo linaloandika makosa yako ya barabarani. Anayekuomba "leseni na rekodi" anataka maneno ya pande zote mbili. Ukienda TRA peke yake utarudi na nusu ya kitu.

Andika barua mbili zenye maelezo yaleyale, moja kwa Meneja wa TRA Mkoa wa Tanga na nyingine kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani Mkoa wa Tanga. Usiandike "naomba mnithibitishie leseni" ukaishia hapo, maana utajibiwa kwa sentensi moja: "Tunathibitisha kuwa mtajwa ana leseni." Barua ya namna hiyo itakurudia kama fotokopi ilivyorudi. Sema unachotaka kiandikwe. Kiini cha barua kiwe hivi:

*YAH: KUOMBA UTHIBITISHO WA LESENI YA UDEREVA NA KUMBUKUMBU ZAKE*

*Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti), mwenye leseni namba …, TIN …, namba ya NIDA …, naomba barua rasmi ya kuwasilisha kwa mamlaka ya leseni ya Ontario, Kanada. Naomba barua itaje: majina yangu na tarehe ya kuzaliwa, tarehe niliyopewa leseni kwa mara ya kwanza, kila daraja na tarehe ya kuliongeza, tarehe za kila kuhuisha, tarehe ya mwisho wa leseni ya sasa, kama leseni ni hai, imesimamishwa au imefutwa, na kama kuna makosa au madeni. Naomba iandikwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, pamoja na jina, cheo, saini na mhuri wa afisa.*

Ambatisha fotokopi ya leseni pande zote mbili, ukurasa wa picha wa pasipoti, kitambulisho cha NIDA, na karatasi ya huko Kanada inayoonyesha wanachohitaji. Usiiache hiyo ya mwisho. Afisa akiiona kwa macho yake huandika kinachotakiwa badala ya kubahatisha. Barua chapa nakala mbili: moja inabaki masjala, ya pili wakugongee "imepokelewa" na tarehe. Ukirudi wiki ijayo ukaambiwa haionekani, hiyo ndiyo sauti yako.

Kinachowaangusha wengi ni tarehe ya kwanza. Leseni ya sasa hudumu miaka 5, na kabla ya mabadiliko ya mwaka 2019 ilikuwa miaka 3. Kadi za kisasa zenyewe zilianza mwaka 2010. Wewe uliyeendesha miaka 11 umeshabadilisha kadi zaidi ya mara moja, na tarehe ya kutolewa unayoisoma juu ya kadi ni ya kadi hiyo, si ya udereva wako. Karani wa Kanada akiona umehuisha mwaka jana atakuhesabia mwaka mmoja. Ndiyo maana barua lazima itaje kila kuhuisha. Kama bado una kadi za zamani, stakabadhi za malipo au cheti cha umahiri, peleka fotokopi zake. Wenye leseni za kale za karatasi ndio hasa wasivitupe vitu hivyo.

Tazama pia mapengo. Kama leseni yako iliisha Machi ukahuisha Novemba, miezi ile haina leseni hai, hata kama ulikuwa unapanda na kushuka na Scania kila siku. Usiifunike, hesabu yao itaiona. Miezi ya leani, yaani leseni ya kujifunzia, nayo usiichanganye na ya leseni kamili.

Barua zikishatoka, huenda wakakutaka uzipeleke Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na pengine ubalozini. Elewa mnyororo huo: kila muhuri unamdhamini aliyetia saini kabla yake tu. Wizara haisemi wewe ni dereva mzuri, inasema saini na mhuri wa ofisi ile ni vya kweli. Kwa hiyo mpangilio haupinduliwi: ofisi iliyotoa leseni kwanza, Wizara baadaye, ubalozi mwisho. Kabla ya kupanda basi Kange, piga simu Wizarani ujue hati zinapokelewa Dodoma au Dar es Salaam siku hiyo, maana nauli ya kwenda mji usio sahihi hairudishwi. Uliza pia Kanada kama wanataka bahasha ije imefungwa na ofisi. Kama ndivyo, usiifungue hata kwa kuchungulia.

Jambo la pembeni, ila litakugusa mfukoni. Ontario ikikukubalia uzoefu wa miaka 2 au zaidi ndani ya miaka 3 iliyopita, unapata nafasi moja ya kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa barabarani wa leseni kamili ya gari dogo, yaani daraja G. Daraja E la Tanzania halikugeuzii leseni ya lori. Huko lori la tela ni daraja A, na tangu Julai 2017 hulipati bila mafunzo ya lazima yasiyopungua saa 103.5. Bajeti ipange ukijua hilo.

Kwenye leseni naitwa Saidi, kwenye pasipoti Said. Herufi moja tu. Itanisumbua? (Mkazi wa Ngamiani)

Itakusumbua, na kwa watu wa pwani hili ndilo la kila siku: Saidi na Said, Mohamedi na Mohamed, Abdala na Abdallah. Karani wa nje anayekagua hati hajui kwamba kwetu ni jina lilelile.

Anza kwa kupanga karatasi zako mezani: cheti cha kuzaliwa, NIDA, TIN, leseni, pasipoti. Jina lililo kwenye nyingi ndilo la kulifuata, na linyooshe NIDA kabla ya mengine, kwa sababu taarifa za TRA hufuata namba ya NIDA. Ukirekebisha leseni kwanza na NIDA ikabaki na kosa, kosa litarudi siku ya kuhuisha.

Kama safari iko karibu na marekebisho hayatawahi, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja husaidia, na barua ya uthibitisho iyataje yote mawili. Kiapo kinaeleza tofauti ya tahajia. Ukitaka kubadili jina kabisa, hiyo ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na ni safari nyingine. Tofauti ya tarehe ya kuzaliwa usiitibu kwa kiapo. Irekebishe kwenye chanzo.

Nina Fuso mbili na Coaster moja. Dereva akija na leseni nitajuaje ni ya kweli na rekodi yake ni safi? (Mama mwenye magari, Chuda)

Mama, usiridhike na fotokopi hata ikiwa na muhuri, kwa sababu ile tuliyomweleza dereva wa Duga. Shika kadi yenyewe. Linganisha picha na uso, majina na NIDA, kisha soma madaraja. Hapa ndipo wamiliki wanapoponzwa: daraja D ni la gari dogo lisilo la biashara, na daraja E linamruhusu Fuso lakini halimruhusu kubeba abiria. Coaster yako inadai daraja la abiria katika familia ya C, kulingana na idadi ya viti. Ukimpa wa E Coaster ikapata ajali, bima ina sababu ya kukataa kulipa gari lako hata kama ni bima kubwa.

Madeni ya trafiki yanaangaliwa kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz. Watu wengi hutafuta kwa namba ya gari wakaona safi, wakatulia. Tafuta mara mbili: kwa namba ya gari na kwa namba ya leseni. Faini iliyoandikwa kwa gari alilokuwa akiendesha kwa tajiri mwingine haitaonekana kwenye namba ya Fuso yako. Ukikuta deni, si lazima umkatae mtu. Kosa la kawaida hutozwa shilingi 30,000, na kwa bodaboda na bajaji lilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021. Angalia aina ya kosa. Taa ya breki iliyoungua si sawa na mwendokasi mara nne.

Ukitaka barua rasmi kuhusu dereva, aiombe yeye mwenyewe, au akupe ridhaa ya maandishi yenye saini, namba ya leseni na sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuruhusu kuchukua taarifa za mtu kwa sababu tu umemwajiri.

Kwa Coaster kuna LATRA pia, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. LATRA huwatahini na kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara, lakini uthibitisho huo ni wa dereva, si wa leseni. Anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Dai vyote viwili.

Leseni yangu imepotea na nina nakala iliyogongwa muhuri na hakimu. Naweza kuendeshea hiyo huku nasubiri? (Msomaji, Muheza)

Hapana, kaka. Nakala iliyothibitishwa ni ushahidi kwamba leseni ilikuwepo siku muhuri ulipogongwa. Si leseni. Toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, na hakikisha namba ya leseni imeandikwa humo. Hati inayosema "pochi na vitu mbalimbali" itakurudisha kituoni. Kisha nenda TRA na hati hiyo, NIDA na TIN, uombe kadi mbadala. Nakala yako ya hakimu itakusaidia hapo, kwa sababu namba iko juu yake.

Malipo ya serikali hupita kwa kontroli namba, nawe unabaki na stakabadhi. Anayekungoja nje ya geti akitaka taslimu "akuharakishie" ni kishoka, na barua atakayokuletea ikipigiwa simu ofisini haitajulikana.

Nikiwa na kibali cha kimataifa cha kuendesha, bado nahitaji barua ya uthibitisho? (Msomaji, Pangani)

Ni vitu viwili. Kibali cha kimataifa, ambacho hapa nchini hutolewa na Chama cha Magari Tanzania, AAT, ni tafsiri ya leseni yako kwa lugha kadhaa. Kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka mmoja, na hakifanyi kazi bila kadi yako pembeni. Ni cha mgeni anayepita. Ukihamia, sheria ya mkazi inaanza: Uingereza unaendeshea leseni ya Tanzania miezi 12 tangu uwe mkazi kisha unafanya mitihani yao, Ujerumani ni miezi 6. "Vibali vya kimataifa vya miaka 10" vinavyouzwa mitandaoni ni karatasi tupu.

Wakala wa kazi za Uarabuni ananidai "cheti cha polisi". Ni hiyo rekodi ya trafiki? (Kijana, Mikanjuni)

Mwulize kwa maandishi, kwa sababu mara nyingi siyo. Cheti cha polisi, tunachokiita cha tabia njema, hutolewa kwa alama za vidole na husema kama una rekodi ya jinai. Deni la trafiki la jana halipo humo. Rekodi ya udereva ni ile barua ya Kikosi cha Usalama Barabarani. Akisema anataka ya udereva kwa Kiarabu, pata kwanza barua ya Kiingereza, kisha itafsiriwe. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri. Ubalozi ndio utakaokuambia kama mhuri wao unagongwa kwenye barua ya asili, kwenye tafsiri, au kote kuwili.