Muulize Anko: Mjusi wa kijani na baridi ya Uyole

Swali: Shikamoo anko. Niko form two hapa Uyole, Mbeya. Mjomba alirudi kutoka Pemba mwezi wa sita akaniletea mjusi wa kijani kibichi, mzuri balaa, kaja naye kwenye chupa ya maji aliyoitoboa matundu. Siku za mwanzo alikuwa anarukaruka ila sasaivi kalala tu chini ya ndoo nilimomuweka, rangi imekuwa nyeusinyeusi na hali chochote, nampa nzi hata hawaangalii. Nimpe dawa gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Dawa usimpe, huyo anasikia baridi. Mjusi hatengenezi joto mwilini kama sisi, analipata nje, na huyo wako kazaliwa kwenye minazi na migomba ya Pemba ambako usiku watu wanalala bila hata shuka, afu kaletwa Uyole mwezi wa sita ambako wewe mwenyewe asubuhi unaenda shule na sweta na mvuke unakutoka mdomoni. Akipoa hivyo tumbo nalo linasimama, chakula hakisagiki, ndo maana hali. Na huo weusi ni baridi hiyohiyo na mawazo ya kuhamishwa, akipata joto ukijani unarudi.

Mtoe kwenye ndoo leo. Tafuta tenki la kioo au boksi la mbao lenye wavu juu, liwe refu kwenda juu maana hawa ni wa mitini, hawana kazi chini. Juu ya wavu, kwa nje, weka balbu ya zamani ile inayochoma ukiigusa, wati 40 inatosha, hizi za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Chini ya balbu simamisha vipande vya mwanzi kama zile mbeta za ulanzi, viwe visafi, anaota juu yake na akiogopa anaingia ndani. Pale anapoota pafike nyuzijoto 32 hivi, upande mwingine 26 au 27 ili akizidiwa akimbilie huko, na usiku pasishuke chini ya 20. Nunua kipimajoto, usikisie kwa mkono. Umeme ukikatika chukua chupa ya maji ya moto uifunge na kanga uiegemeze kwenye kioo kwa nje. Jiko la mkaa usiingize chumbani hata siku moja, ile hewa yake itakuua wewe na mjusi.

Tena usije ukaweka tenki la kioo juani. Mimi wa kwangu nilimpoteza hivyo Iringa, nikasema nimuoteshe jua dakika kumi, simu ikaita, narudi nimekuta kaiva na mdomo wazi, mpaka leo inaniuma. Ila jua analihitaji kweli, bila mionzi yake mifupa inalegea, miguu inapinda na taya linakuwa laini kama raba, na ukimuotesha nyuma ya dirisha haisaidii kwa sababu kioo kinazuia hiyo mionzi. Kama huna taa ya UVB, ile inayotoa mionzi hiyo, basi jua likishapanda muweke nje nusu saa kwenye kikapu cha wavu chenye kivuli upande mmoja, na usibanduke hapo. Maganda ya mayai yachemshe, yakauke, yasage yawe unga kabisa, kila wadudu unaompa watikise humo kwanza.

Chakula ni nyenje wadogo na nzi, mdudu asizidi upana wa kichwa chake, na mara mbili kwa wiki mpe papai au ndizi mbivu iliyopondwa. Wadudu wa kwenye mashamba ya viazi yaliyopigwa dawa usiwaguse. Maji mpulizie kwenye majani asubuhi na jioni, atalamba matone. Na usimshike, ngozi yake inachanika kirahisi sana na mkia unakatika.

La mwisho, huyo ni mnyamapori na anahitaji kibali. Mwambie mzazi mwende kwa afisa wanyamapori wa wilaya mkaeleze ukweli. Kumwachia hapo Uyole usithubutu, hamalizi usiku.

Swali: Anko kamwene. Kuna jamaa hapa stendi Mafinga anauza mijusi wadogo wa bluu kabisa, tumbo la chungwa, anasema katoa Morogoro. Ninunue?

Jibu: Kamwene dada. Usinunue, nakuomba. Kama ni kweli anavyosema, huyo anaishi msitu wa Kimboza na vipande vichache vya msitu karibu na hapo, duniani kote hakuna kwingine. Wanaishi kwenye mti mmoja wenye majani marefu ya miiba, na wanaowawinda wanaukata mti mzima ili wawafikie. Watafiti walikadiria kundi moja tu la wawindaji lilitoa mijusi zaidi ya 30,000 kati ya 2004 na 2009, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Wa bluu ni dume, jike ana ukijani wa kahawia, kwa hiyo akikuuzia "jozi" ya bluu wawili watapigana mpaka mmoja afe. Toa taarifa ofisi ya wanyamapori, na ufanye mapema kabla hajapanda basi.

Swali: Mjusi kafiri wa ukutani ana sumu? Mke wangu anawaua kwa ufagio. Makambako.

Jibu: Hana sumu kaka. Anakula mbu na mende humo ndani bure. Funika chakula, maana kinyesi chake kina vijidudu vya kuharisha, na shemeji mwambie aweke ufagio chini.